Dubwi Nyuma ya Ukuta

Nguvumali, Tanga
14 Julai 2024

Beatrisi shoga yangu,

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe. Simu yangu iko ndani ya sanduku la mama mkwe, Bi Kijakazi, tangu tulipomzika Ayubu. Anasema simu huleta sauti za wanaume ndani ya chumba cha eda. Nilimwambia, "Mama, eda haikatazi simu." Akanijibu, "Ya kwenu labda. Hapa kwetu inakataza." Sikubishana. Chakula changu analeta yeye, maji ya kuoga anapasha yeye, na huyo aliyekufa alikuwa mwanawe kabla hajawa mume wangu.

Barua hii amekuletea Hafsa, mtoto wa shangazi, anayefuata machungwa huko Muheza. Ukijibu mpe yeye. Mdomo wake unaujua, kwa hiyo funga bahasha.

Nina jambo moja. Chumba ninachokalia eda kimepakana na duka. Ni ukuta mmoja wa tofali, na mlango wa ndani umewekewa pazia. Duka analisimamia Nasri, mdogo wake Ayubu. Kwa kuwa Bi Kijakazi hataki nizungumze na mwanamume hata kupitia pazia, mimi na Nasri tunaandikiana vikaratasi, na mbebaji ni mama mwenyewe, ambaye hasomi. Analeta kikaratasi kama anavyoleta chai, anakaa kunitazama usoni nikisoma.

Wiki hii pameletwa kitu dukani. Kinaimba kutwa. Nimemwuliza Nasri, jibu lake nakuambatishia. Wewe unatangaza habari za mahakamani redioni, umewahi kuona mengi. Niambie ni nini.

Wako,
Sabra


Kikaratasi
13 Julai

Shemeji,

Assalaam alaykum. Pole na eda. Hicho unachosikia ni mashine ya michezo ya watoto, ya magari. Jamaa mmoja ameomba kuiweka hapo pembeni ya friji, inavuta wateja. Usiwe na wasiwasi, biashara inakwenda vizuri. Mama amesema hukumaliza uji. Jitahidi kula.

Nasri


Muheza
17 Julai 2024

Sabra mwenzangu,

Pole tena kwa Ayubu. Nilikuja siku ya mazishi lakini hukuniona, ulikuwa umezungukwa.

Siwezi kukuambia ni mashine gani bila kuiona, na wewe huwezi kuiona. Lakini una masikio. Kisheria tofauti iko mahali pamoja tu. Mashine ya mchezo inachukua sarafu, inakupa mchezo, basi. Mtoto anaendesha gari lake, gari linagonga, anakwenda nyumbani. Mashine ya kamari inachukua sarafu na kukupa tumaini la kurudishiwa zaidi. Hiyo ya pili inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtu wa chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi kuigusa.

Kwa hiyo usisikilize wimbo. Wimbo zinao zote. Sikiliza kinachofuata wimbo ukiisha. Je, kuna kitu kinachoanguka?

Beatrisi


Nguvumali
21 Julai 2024

Beatrisi,

Kinaanguka.

Si kila mara. Mara nyingi sarafu inaingia, wimbo unapigwa, kisha kimya, kisha mtu anasonya. Lakini mara mojamoja, baada ya wimbo, kinasikika kishindo kama mtu amemwaga kokoto kwenye sinia la bati. Hapo watu hucheka na kumwita aliyepata kwa jina. Jana aliitwa Mwinyijuma, fundi baiskeli wa hapo kona. Namjua kwa kikohozi. Nikasikia mtu akimwambia, "Fundi, leo mkeo atakula kuku," naye akajibu, "Kuku wa nini? Narudisha humuhumu, lidude hili bado linanidai." Wakacheka tena.

Sauti ya mtoto sijaisikia hata moja. Mashine ya watoto isiyo na watoto.

Leseni ya biashara ya duka ina jina langu, imetundikwa juu ya mzani. Ayubu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwa sababu mtaji ulitoka kwa urithi wa mama yangu. Wakija kukagua, watamwuliza nani? Mimi ndiye niliyeandikwa pale, na mimi siwezi hata kufika mlangoni.

Nataka iondoke, Beatrisi. Si kwa sheria tu. Ile sukari na ule unga ndivyo vitakavyomsomesha mwanangu aliyeko shule ya bweni, na sitaki vichanganyike na fedha ya kamari. Nisaidie wapite wakaguzi waichukue.

Sabra


Muheza
24 Julai 2024

Sabra,

Kabla ya kumwita mtu yeyote, mwambie Hafsa aingie dukani kununua chumvi. Atazame ubavuni mwa mashine kama kuna stika ya leseni. Asiulize, atazame tu. Najua kwa Hafsa hilo ni gumu.

Mitaani huiita dubwi. Nimekaa mahakamani kwa kesi za namna hiyo na jambo moja nimejifunza: watu hudhani kila dubwi ni haramu kwa serikali. Si kweli. Lenye leseni, lililowekwa mahali palipoombewa kibali, likichezwa na mtu mzima, serikali haina ugomvi nalo. Usiku huu nitampigia afisa mmoja wa ukaguzi ninayefahamiana naye, bila kutaja jina lako.

Swali moja: karatasi ya kukubali mashine iwekwe dukani alisaini nani?

Beatrisi


Kikaratasi
25 Julai

Shemeji,

Sukari imechelewa kwa wakala, na unga vilevile, lakini wiki ijayo mambo yatakaa sawa. Watu wanakusalimu. Ile mashine nitaizungumza na mwenyewe apunguze sauti, mama kaniambia inakukera. Karatasi yake uliyoniulizia nilisaini mimi, nisingeweza kukusumbua ukiwa katika hali hiyo.

Nasri


Nguvumali
28 Julai 2024

Beatrisi,

Jibu la Nasri kuhusu saini nimekuambatishia. Hapa nakupa kwanza alichokiona Hafsa, kisha nilichokisikia mwenyewe.

Hafsa ameona stika. Ipo, haijachubuka, ina mhuri. Kwa hiyo lile dude halina kosa. Ameona na kitu kingine ambacho hukumtuma. Kwenye rafu maboksi ya sabuni yamepangwa vizuri mbele, yamejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akataka sabuni ya mche. Nasri akamwambia imekwisha. Hafsa, kwa jinsi alivyo, akanyoosha mkono akasukuma boksi moja kwa kidole. Likaenda mpaka ukutani. Tupu. Akasukuma la pili, tupu. Nasri akamwambia, "Da Hafsa, umekuja kununua au kukagua?" Akanunua chumvi, akatoka.

Sasa langu. Ijumaa, wakati wa sala, duka hufungwa. Ayubu alianzisha hivyo na Nasri anaendelea hivyo. Milango inasikika ikifungwa, mtaa unatulia, kipaza sauti cha msikiti ndicho kinachozungumza peke yake. Wanaume wote wa mtaa huu wako huko. Ijumaa hii, khutba ikiendelea, dubwi likaimba.

Nikasogea ukutani. Hapakuwa na kikohozi cha Mwinyijuma wala mazungumzo. Sarafu, wimbo, kimya. Kisha mtu akasonya. Beatrisi, ule msonyo naujua. Mfupi, wa pembeni mwa mdomo, kama mtu anayetema kokwa ya ubuyu. Ayubu alikuwa akisonya hivyo akifungwa kwenye karata. Kwa muda mfupi nilisahau kuwa nimefiwa. Nikataka kumwita.

Halafu nikakumbuka kwamba ndugu husonya kwa kufanana.

Nilidhani Nasri ameweka mashine ile apate faida. Hapati faida yoyote. Sukari haijachelewa kwa wakala. Imeingia mle.

Sasa sijui ninamshtaki nani.

Sabra


Muheza
31 Julai 2024

Sabra,

Nimekusoma mara mbili. Nakujibu kama mtu anayekutakia mema, si kama redio.

Afisa ameniambia hivi. Mashine ina leseni, mchezaji ni mtu mzima, kwa hiyo kwa hayo mawili hakuna la kufanya. Mtu akila duka kwa kucheza kamari halali, hilo si kosa la kamari. Lakini kuna saini. Nasri amesaini kama mwenye duka, na mwenye duka ni wewe. Hapo kuna kosa, na ndipo pa kukamata. Mwenye duka akilalamika kwa maandishi kwamba hakuridhia, mashine inaondolewa, na aliyesaini anaitwa kueleza kwa nini alijitia mwenye mali. Jumatatu tarehe tano huyo afisa atakuwa Tanga.

Nimekuandikia malalamiko. Yamo humu kwenye bahasha. Nimetumia maneno machache, hakuna la kuongeza. Tia saini tu, mpe Hafsa, mimi nitayafikisha.

Najua ni shemeji yako. Najua mama yake ndiye anayekuletea uji. Lakini hesabu hii haina njia mbili. Kila siku unayosubiri, boksi lingine linakuwa tupu, na eda yako inaisha Oktoba. Utatoka kwenye kile chumba ukute rafu na mzani. Usiwaache wakule ukiwa umefungiwa.

Beatrisi


Kikaratasi
1 Agosti

Shemeji Nasri,

Wa alaykum salaam. Nina swali moja. Ijumaa duka likifungwa, ufunguo unabaki na nani?

Sabra


Kikaratasi
1 Agosti

Shemeji,

Ufunguo ninao mimi mfukoni, naenda nao msikitini na kurudi nao. Ondoa shaka.

Nasri


Nguvumali
4 Agosti 2024

Beatrisi,

Malalamiko yako nayarudisha. Hayana saini. Usikasirike mpaka umalize kusoma.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshika kalamu. Bi Kijakazi akaingia na uji, akaona ile karatasi uliyoichapa. Akauliza, "Hiyo ya nani, kubwa hivyo?" Nikamwambia ya Beatrisi. Akasema, "Yule mtoto wa kambi ya mkonge? Msalimie. Mwulize, pele nilizompa akija hapa anazikumbuka?" Maana yake yale maembe madogo. Akakaa kunitazama nikisoma, kama kawaida yake. Nikashindwa kutia saini mbele ya macho yale. Nikasema nitatia akitoka. Hakutoka. Alikuwa na ukili wake, akakaa kusuka mkeka chumbani kwangu hadi mchana.

Khutba ikaanza. Milango ya duka ilikuwa imefungwa zamani. Dubwi likaimba.

Mama akainua kichwa. Akasema, "Nani amewasha hilo lidude?"

Nikaiweka kalamu chini.

"Wanaume wote si wako msikitini?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akanitazama. Akatazama ile karatasi mapajani mwangu, ambayo hawezi kuisoma, akatazama ukuta. Sarafu ikaingia. Wimbo. Kimya. Halafu ule msonyo. Nikaona mkono wake umesimama kwenye ukili. Ule msonyo ni wa baba yao, Beatrisi. Ameusikia miaka mingi kuliko mimi.

Akasimama. Nikasimama naye, akaniambia, "Wewe kaa. Una eda." Akafungua pazia, akafungua mlango wa ndani. Mimi nilibaki nyuma ya pazia, sikuona kitu. Nakuandikia nilichosikia tu.

Alisema, "Nasri. Umeshatoka msikitini?"

"Imekwisha, mama."

"Imekwisha? Khutba naisikia hapa."

Na kweli, kipaza sauti kilikuwa kikisema. Shehe alikuwa bado hajafika kwenye dua. Hapo hapo lile dude, lililokuwa bado linazungusha picha zake, likatoa. Sijawahi kulisikia likitoa kama siku ile. Kokoto zilimwagika mpaka nikadhani sinia limepasuka.

Mama akasema, "Umeshinda?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, okota."

Hakuokota. Niliwasikia wote wawili wamesimama. Kisha mama akasema, kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kwa mgonjwa, "Hii ndiyo ya watoto uliyoniambia?"

Akasema, "Samehe, mama."

"Mimi? Nisamehe mimi?"

Hapo nikasikia Nasri akilia. Nimekaa miaka yote nyumba hii sijawahi kumsikia. Kwenye mazishi ya nduguye hakulia, alikuwa anagawa maji.

Mama alirudi, akafunga mlango, akashusha pazia, akachukua ukili wake. Hakuniuliza kwa muda gani nimejua. Aliniuliza kitu kingine: "Vile vikaratasi nilivyokuwa nakuletea vilikuwa vinasema uongo?"

Nikamwambia, "Vingine."

"Na mimi ndiye niliyebeba."

Unaelewa sasa kwa nini sikutia saini? Ningetia, Nasri angeitwa kueleza saini, na angeeleza, na ingekuwa imekwisha kwa upande wa serikali. Lakini si saini iliyomla. Naomba siku chache. Bi Kijakazi amesema ana shauri lake, hataki kunieleza.

Sabra


Muheza
7 Agosti 2024

Sabra,

Sijakasirika. Afisa amekuja na amekwenda. Nimemwambia mwenye malalamiko ameahirisha. Akasema kwa kawaida huahirisha.

Lakini nakuuliza, na nataka jibu la kweli: mashine bado ipo? Mtu akilia Ijumaa, Jumatatu anaweza kucheza. Nimeona watu wakilia kizimbani na kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye dubwi lililo ng'ambo ya barabara.

Mwambie Bi Kijakazi pele nazikumbuka. Zilikuwa chachu.

Beatrisi


Nguvumali
18 Agosti 2024

Beatrisi,

Jibu la kweli: siku uliyoandika, mashine ilikuwepo. Leo haipo. Nakueleza ilivyoondoka, kwa sababu hakuna sheria yako iliyotumika.

Jumatatu, siku ya tatu baada ya yale, Bi Kijakazi alimwambia Nasri afungue duka kama kawaida. Akatoa kigoda chake, akakiweka mbele ya dubwi, mgongo wake ukagusa kioo. Akakunjua ukili, akaanza kusuka. Hakulizima, hakulifunika, hakumkataza mtu. Amekaa tu.

Akaja Mwinyijuma na kikohozi chake. Nikamsikia:

"Shikamoo, Bi Kijakazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kununua nini?"

Akakohoa.

"Kiberiti," akasema Mwinyijuma.

"Nasri, mpe kiberiti."

Akaja Uweso wa bodaboda. Shikamoo, marahaba, umekuja kununua nini? Kiberiti. Wakaja vijana wa gereji, wote kiberiti. Ikawa hivyo kila siku. Nani atamwambia bibi wa watu, mfiwa, asogeze mgongo apate kucheza kamari? Mmoja alijaribu. Alisema, "Bibi, hapo utapigwa na umeme." Mama akamjibu, "Mwanangu mmoja nimemzika, wa pili yuko hapo kwenye mzani. Umeme utanitisha?" Huyo hakununua hata kiberiti.

Nasri anasema hajawahi kuuza viberiti namna hii. Kaagiza boksi jipya. Limejaa mpaka nyuma, Hafsa amelisukuma.

Jumatano akaja mtu wa mwenye mashine, na pikipiki na karatasi. Alifungua sanduku lake, akakuta sarafu za kuhesabika kwa vidole. Akaja juu. "Mama, mkataba unasema msizuie wachezaji." Mama akamwuliza, "Nimemzuia nani? Waulize. Mimi nimekaa dukani kwa mwanangu nasuka mkeka." Yule akamgeukia Nasri. Nasri akamwambia, na hii niliisikia vizuri kwa sababu alikuwa amesimama karibu na ukuta, "Duka si la mama wala si langu. La shemeji. Niliposaini sikuwa na haki ya kusaini. Ukitaka twende nalo mbele, nitasema hivyo hivyo." Nadhani yule mtu aliinua macho akatazama leseni juu ya mzani. Alhamisi ikaja kirikuu, kile kigari cha mizigo, wakalibeba.

Kwa hiyo lile neno la saini ulilotaka niliandike mimi, amelisema yeye mwenyewe.

Juzi Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, ufunguo alimpa mama. Hakuna aliyemwagiza. Khutba niliisikia yote, na mara ya kwanza tangu Julai nilijua shehe anazungumzia nini. Alikuwa akizungumzia usafi wa mifereji.

Sikudanganyi kwamba Nasri amepona. Mama anasema akipita karibu na yale maduka ya madubwi ya kule stendi anageuza uso kama mtu anayemwepuka mdai. Na dubwi lenyewe, kwa alivyosikia Hafsa, limehamia Chumbageni. Lina stika yake. Huko nako pengine kuna mtu nyuma ya ukuta.

Simu imetoka sandukuni, iko kwangu. Mama aliileta mwenyewe na kusema, "Hii angalau haisemi uongo kwa mkono wangu." Unaweza kunipigia. Lakini nimezoea kukuandikia.

Sabra


Kikaratasi
20 Agosti

Shemeji,

Assalaam alaykum. Sukari imeingia leo na unga kesho, kwa fedha niliyokopeshwa na Mwinyijuma, ambayo ni deni langu, si la duka. Maboksi matupu nimeyachoma.

Pale ilipokuwa mashine pamebaki alama za miguu yake kwenye saruji. Kila nikigeuka naziona. Naomba ruhusa niweke hapo magunia ya chumvi, pafunikwe.

Eda yako ikiisha, ukitaka niondoke dukani, sema tu. Nitaelewa.

Kikaratasi hiki nimemsomea mama kabla hajakileta.

Nasri


Kikaratasi
20 Agosti

Shemeji Nasri,

Wa alaykum salaam. Pale usiweke chumvi. Weka kiti. Mama akae mpaka Oktoba, kisha nitakaa mimi.

Wewe utaendelea kufungua asubuhi.

Uji nimemaliza.

Sabra